Ndoo ya Maji Mbele ya Radiatori

Gari la kwanza kuletwa kwangu kwa sababu lilizima kila klima ikiwashwa, nililikata mkanda. Sikutafuta ugonjwa. Nilichukua kisu, nikakata mkanda unaozungusha kompresa ya klima, ile mashine ya kupoza hewa ndani ya gari, nikautupa nyuma ya mapipa, nikamwambia mwenye gari limepona. Akanishukuru sana. Na kweli halikuzima tena, kwa sababu klima yenyewe haikuwepo tena. Ni kama mtu aje kwako akilia jino, umrudishe nyumbani bila taya.

Wadogo zangu mnaonijia dukani na maswali ya magari, naanza na hilo ili msinipe heshima isiyo yangu. Mnaniita mstaafu, nami nacheka, maana sijafika hata miaka arobaini na ndevu zangu bado hazijakubaliana kuota. Lakini mna haki. Kazi niliiacha. Sasa nauza madaftari na kalamu kwenye barabara ya juu, na gari likisimama nje na injini yake inaunguruma, mteja ananiuliza bei ya daftari mara mbili kabla sijamsikia.

Hakuna aliyenifundisha ufundi. Nilijifunza kwa kufungua, kwa kuharibu, na kwa video za simu nilizotazama bila sauti, kwa kuwa lugha ya waliokuwa wakieleza sikuielewa. Niliijua mikono ya mafundi wa mbali, sikujua walisema nini. Labda ndiyo maana nilikuwa na hofu kila siku. Nikifunga bolti nilirudi kuigusa, nikaondoka, nikarudi tena. Mteja akishawasha gari kwenda, nilimsimamisha njiani nione kama tairi zimekazwa. Wengine walidhani nina bidii. Ilikuwa woga tu. Mtu aliyefundishwa na fundi mkubwa anajua wapi pa kuacha. Mimi sikujua.

Na ile ya kukata mkanda haikuwa yangu peke yangu. Pwani yetu yote ya ziwa, kutoka Nyanza-Lac mpaka Kabezi, ilikuwa desturi. Gari likitoka bandari ya Dar likafika hapa kwetu Rumonge, jambo la kwanza mwenye gari alilotaka ni kuondolewa klima, kwa sababu klima inakula esansi, yaani petroli, na esansi yetu mnaijua. Leo ipo, kesho inauzwa kwa chupa na mtu anayetazama nyuma yake. Basi tulikuwa na mafundi hodari wa kuondoa klima, na wa kuitengeneza hatukuwa naye.

Isipokuwa Shabani, kwa nusu.

Shabani alikuwa fundi wa frigo. Alitengeneza masanduku ya barafu ya wafanyabiashara wa samaki, na tulikodi pamoja uwanja mmoja chini ya soko, karibu na meza wanazoanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Sakafu yetu ilikuwa mchanga uliolowa oili. Ziwa lilikuwa pale pale; ukitaka maji unachukua ndoo, unateremka, unarudi kabla redio haijamaliza tangazo. Tulinuka samaki na mafuta kwa pamoja, na paka wa mtaa mzima walitupenda. Shabani alifanya kazi akiimba, akaacha bisibisi popote. Mimi nilizipanga kwa urefu. Aliniita Enspekteri.

"Enspekteri," alikuwa akisema akiniona nimeinama juu ya bolti ile ile, "hiyo imekwisha kukaza tangu asubuhi. Iache ipumue."

Sikuwahi kumwambia kwamba hayo maneno yalikuwa yananituliza. Sasa nayataja kwenu, yeye hayupo kuyasikia.

Jumatatu moja akaja Mwalimu Consolata. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania na mama yake baada ya miaka mingi ya ukimbizi, akapata kazi shule ya msingi huku kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kule, kila neno limepigwa pasi. Gari lake lilikuwa dogo, jeupe, la mlango wa nyuma. Akasema linazima akiwasha kiyoyozi.

Nikamwambia si shida, klima tunaiondoa.

"Sitaki iondolewe," alisema. "Kama ni kuiondoa, ningekata mwenyewe kwa kisu cha jikoni."

Shabani, aliyekuwa amelala chini ya frigo, akacheka mpaka frigo ikatikisika.

Ndipo Mwalimu akaeleza. Mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua. Daktari wa Bujumbura anayemtibu alitaka kumwona mara kwa mara, na alikuwa amesema vumbi ndilo adui. Barabara ya Bujumbura wakati huo ilikuwa imefumuliwa sehemu nyingi, malori yanapishana kwa zamu, vumbi jekundu limesimama hewani kama ukuta. Kwenye basi dogo madirisha yako wazi, hakuna namna. Ndugu zake walichanga akanunua gari, ili mama asafiri vioo vimefungwa. Safari iliyopita walifika Kabezi, wakasimama kwenye foleni ya kusubiri zamu, gari likazima. Akawasha, likazima. Ndani joto likapanda, ikabidi afungue vioo, malori yakapita. Mama akakosa pumzi pale pale. Watu wa Kabezi walimbeba mpaka kwenye nyumba iliyo mbali na barabara, wakampepea kwa kanga. Alipona, lakini Mwalimu alipotusimulia alikuwa akiugeuzageuza ufunguo wa gari mkononi.

Alhamisi walitakiwa kurudi kwa daktari.

Nikasema litakuwa tayari. Nilisema haraka mno. Mkiona fundi anajibu kabla hajafungua boneti, mwondokeeni, hata kama fundi huyo ni mimi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapowaona ninyi pia mkiangukia. Gari linalozima klima ikiwashwa linakuambia jambo moja tu: kuna mzigo umeongezwa na injini imeshindwa kuubeba. Basi maswali ni mawili. Je, injini ni dhaifu? Au mzigo ni mzito kupita kawaida? Mimi nilijiuliza la kwanza tu, kwa sababu injini ndiyo niliyoijua. La pili lilikuwa la ulimwengu wa Shabani, na sikutaka kumuuliza.

Jumatatu nikasafisha njia ya hewa ya injini, ambayo kweli ilikuwa na masizi. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha chujio la esansi; la zamani lilimwaga matope ya esansi ya magendo, ile inayouzwa kwa bidoni, yaani madumu. Gari likazima. Jumanne nikapandisha relanti, yaani ile pumzi ya injini gari likiwa limesimama. Nikaikaza kwa bisibisi mpaka injini ikanguruma kama ina hasira, nikawasha klima, halikuzima. Nikafurahi. Nikalipeleka barabara ya Gatete kulijaribu. Klima ikijikata, gari lilitaka kuruka lenyewe; nilikuwa nimekanyaga breki mpaka mguu unatetemeka. Na niliposimama kwenye kilima, jua la mchana, likazima vilevile. Nikarudi polepole, klima imezimwa, vioo wazi, nikiwa na aibu mbele ya mbuzi waliokuwa barabarani.

Nilifungua vitu vingi sana kwenye gari lile. Kila kimoja nilikisafisha vizuri, nikakirudisha kwa usahihi, na hakuna kilichohusika. Hilo nawaachia: unaweza kufanya kazi safi kabisa mahali pasipo na ugonjwa.

Na mikono yangu ilikuwa inaungua. Nilikuwa nanawa kwa esansi, kama tulivyonawa wote, kwa sababu inaondoa grisi upesi. Ngozi ilikuwa imepasuka katikati ya vidole tangu mwaka uliotangulia. Nilivaa mikono mirefu ili Shabani asione.

Jumatano mchana Mwalimu akaja na mama yake. Bibi alikuwa mdogo wa mwili, amejifunga leso mbili, anatembea hatua chache anasimama kana kwamba ametazama kitu. Shabani akampa kiti chake, akasogeza meza ya ndagala upande mwingine ili harufu isimsumbue. Mwalimu akanitazama, akatazama vipande vilivyopangwa kwa urefu juu ya gunia.

"Yusufu, niambie kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Kama hujaliweza, nitafute njia nyingine leo hii. Sitasimama naye Kabezi mara ya pili."

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimelipanga tangu asubuhi, lina majina ya vipuri ambayo asingeyajua. Nikamtazama Bibi pale kwenye kiti, mabega yake yakipanda kwa kila pumzi, nikashindwa kulitamka.

"Sijui," nilisema. "Nimefanya kila ninalolijua. Sijui."

Sikuwahi kumwambia mteja hivyo. Nilisubiri achukue ufunguo. Badala yake Shabani akatoka chini ya frigo, akajifuta kwa shati lake.

"Enspekteri, umefungua gari yote, kinywa ndiyo hukufungua," alisema. "Si uniulize? Si uwaulize hawa wenye kukaa ndani yake?"

Kisha akachuchumaa mbele ya kiti. "Bibi, amahoro. Hii gari iko inazima wakati gani? Ikitembea ama ikisimama?"

Bibi hakufikiri sana. "Likitembea halina shida. Likisimama ndiyo linatetemeka, kama mtu mwenye homa, halafu basi."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi linavumilia. Ni jua likiwaka."

Shabani akasimama, akaniambia niwashe injini na klima. Nikawasha. Gari likaanza kuzama, mshale wa mizunguko unashuka, usukani unatetemeka. Yeye alikuwa ameshateremka ziwani. Akarudi na ndoo, maji yanamwagikia miguu, akayamwaga yote mbele ya gari, kupitia kwenye meno ya grili, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia.

Injini ikapumua.

Nimekaa na sauti ile miaka yote hii. Ilikuwa imefika chini kabisa, inagonga, inakufa, halafu maji yakapita na ikapanda, ikatulia, kama mtu aliyeshushiwa gunia kichwani. Ikaendelea hivyo kidogo, maji yakakauka, ikaanza tena kuzama. Shabani alikuwa na ndoo tupu mkononi, anatabasamu.

"Mzigo," alisema. "Si injini. Klima haina pa kutupia joto."

Nawaeleza kama alivyonieleza. Klima hainunui baridi mahali. Inachukua joto la ndani ya gari na kulitupa nje, kupitia lile bapa la vibomba vyembamba lililo mbele ya radiatori. Upepo usipopita hapo, joto linabaki, gesi inabanwa zaidi na zaidi, kompresa inakuwa nzito, na injini iliyosimama haina nguvu ya kuizungusha. Gari likitembea, upepo unakuja wenyewe. Asubuhi hewa ni baridi. Kila alichosema Bibi kilikuwa hapo.

Tukainama. Kati ya bapa na radiatori, pale ambapo macho hayafiki bila kulegeza bolti za juu, palikuwa na kitu kama blanketi. Rangi ya kahawia, laini, chenye mafuta. Nikakivuta kwa kidole, kikatoka kama manyoya ya kondoo. Shabani akanusa, akamgeukia Mwalimu.

"Mwalimu, gari inalala wapi?"

Akasema inalala kwa mdogo wake, kwenye kinu cha mawese, kwa sababu kule kuna ukuta na mlinzi. Basi tukaelewa. Kila siku moshi wa mapipa ya kuchemshia ngazi, yaani matunda ya mchikichi, mvuke wenye mafuta, nyuzi za ngazi zilizokamuliwa zikirushwa na upepo, halafu vumbi la barabara juu yake. Kwetu Rumonge hata magari yanakula mawese.

Na jingine. Gari lile lilikuwa na feni mbili. Jumatatu nilitazama, nikaona feni inazunguka, nikaridhika. Ilikuwa moja. Ya pili, ya klima, ilikuwa imesimama. Waya wake umekatika ndani ya ganda, kwa nje mzima kabisa. Mimi, ninayegusa bolti moja mara kumi, feni niliitazama mara moja.

Mchana ule wote tulifanya kazi sote wawili. Msijaribu kuondoa mafuta ya mawese kwa maji matupu, yanateleza tu. Tulitumia maji ya moto na sabuni ile ile ya kipande inayotengenezwa kwa mawese, tukaiyeyusha, tukapitisha kwa burushi laini kutoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotokea na yale majani membamba ya bati kwenye bapa yasilale. Shabani aliunga waya. Mimi nilirudisha relanti mahali pake. Bibi alikaa akitutazama na kutuambia hatujui kufua. Maji ya kusuuza tuliyatoa ziwani, ndoo baada ya ndoo, tukipokezana bila kuitana. Kama mtu angeniuliza siku ile kama nina furaha, ningemjibu nina kazi.

Alhamisi nikawaomba niende nao. Mwalimu alijua ni woga, akanikubalia. Shabani alikataa kuja. "Mimi nimemaliza," alisema. "Wewe ndiyo hujamaliza kuogopa, enda."

Tulifika Kabezi jua likiwa juu. Foleni ilikuwa ndefu kuliko nilivyowahi kuiona, malori mbele, malori nyuma, vumbi limekuwa pazia. Mwalimu akasimamisha gari. Klima inapuliza. Nilikuwa nyuma na Bibi, nasikiliza. Tak, kompresa ikashika. Injini ikainama kidogo, ikainuka, ikakaa. Tak, ikaachia. Tak, ikashika. Feni ya pili ikavuma. Nje watu walijifunika nyuso kwa kanga. Ndani hewa ilikuwa baridi na safi, na Bibi alikuwa anapumua kwa pua, mdomo umefungwa.

Nilikuwa nimekunja ngumi magotini. Akazichukua, akazifungua kidole kimoja kimoja kama ngumi za mtoto, akaona mipasuko.

"Mwanangu, hii nini?"

Nikamwambia ni kazi.

"Si kazi. Hii ni esansi. Marehemu mume wangu alikuwa anaosha mashine kambini, naijua." Akatoa kwenye mfuko wake kichupa kidogo cha mawese alichobeba kwa chakula cha hospitali, akanipaka katikati ya vidole, bila haraka, huku foleni ikiwa haisogei. "Mikono hii itakufukuza wewe kazini kabla wewe hujaiacha. Nawa kwa sabuni. Unasikia?"

Nikasema nasikia, Bibi. Baada ya hapo akaegemea kioo kilichofungwa, akalala. Alilala mpaka Bujumbura. Mwalimu alikuwa anamtazama kwenye kioo cha juu kila gari likisimama, nami nikawa nasikiliza injini.

Niliporudi nilinunua sabuni. Niliitumia wiki ile, labda na iliyofuata. Halafu kazi ikawa nyingi, esansi iko karibu, sabuni iko mbali. Mnajua.

Mnaponiuliza klima sasa, nawaambia: ulizeni wenye kukaa ndani ya gari, washeni, mwageni maji mbele, sikilizeni. Mnanijibu kwamba kuna mashine ya kuchomeka inayosema yenyewe ugonjwa uko wapi. Ni kweli, na ni nzuri, nunueni. Lakini gari likiwa pale nje ya duka, nikisikia ile tak, vidole vyangu vinakunjika juu ya madaftari, na ninamtafuta mtu wa kuniita Enspekteri.

Tangu siku zile ziwa limepanda. Lilichukua kwanza meza za ndagala, kisha uwanja wetu, na pale aliposimama Shabani na ndoo sasa mitumbwi inapita. Shabani amehamia Kigoma, anatengeneza frigo za samaki, anapiga simu sikukuu. Bibi alifariki miaka miwili baada ya safari ile, nyumbani, kitandani kwake, bintiye akiwa naye. Mwalimu aliliuza gari, na aliyelinunua alikata mkanda. Daktari wa ngozi alinikataza kugusa esansi na grisi maisha yangu yote. Mikono yangu imepona kabisa, kwa sababu haifanyi kazi.